Safari ya Kathmandu: mambo ya ndege

Wadau habari za jioni, naona maswali ni yaleyale inboksi so naandika hapa mara moja. Tunatoka Dar kwenda Doha, kama masaa sita hivi, tunakaa hapo usiku halafu Doha mpaka Kathmandu karibia matano tena, hivo usitegemee kufika ukiwa freshi.

Pawabenki inakaa begi dogo unaloingia nalo ndani, sio lile kubwa, na kisu na fimbo za kutembelea ndo viende kwenye kubwa. Mitungi ya gesi ya jiko msibebe KABISA, haikubaliki popote kwenye ndege, tutanunua Thamel, mtaa wa maduka ya vifaa vya milimani hukohuko Kathmandu. Mimi mwaka juzi nilisahau kisu mfukoni nikakiacha pale kwenye mashine ya ukaguzi uwanjani naangalia hivi, kisu cha marehemu babu jamani, bado kinaniuma.

Buti vaeni miguuni hata kama mtaonekana washamba, mana begi likipotea koti utaazima ila buti ya mtu haikukai.

Viza ya Nepal mtachukua palepale uwanjani, siku 30 ni dola 50, beba kashi noti safi.

Na saa zao zinachekesha, wako mbele yetu masaa mawili na dakika 45, yani huku saa sita mchana kule saa tisa kasorobo 😂

Wa dirishani chagueni upande wa kushoto, tukikaribia kutua milima ya theluji iko huko. Siti 1 ya dirisha kushoto nimeshaiwahi mimi, msinune.