Programu tuliyoilipia isizimwe mikononi mwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalotuumiza wenye steshenari na ofisi ndogo za uchapaji hapa Dodoma. Tulinunua programu za kusanifu kadi, vyeti na mabango kwa malipo ya mara moja, tukapewa diski na namba ya leseni. Sasa kampuni zimehamia kwenye malipo ya kila mwezi kupitia intaneti, na wateja wa zamani tumeachwa kwenye mataa.

Kwangu shida ilianza kompyuta ilipokufa. Fundi aliweka programu ileile kwenye mashine nyingine, kwa diski ileile na namba ileile. Ilipofika hatua ya kuhakiki leseni mtandaoni, ikagoma. Nilipowaandikia wenye programu, walinijibu kuwa toleo hilo halihudumiwi tena, nijiunge na huduma ya mwezi. Hawakusema namba yangu ni batili. Wamezima tu mtambo unaoitambua.

Wakati huo mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani alikuwa anasubiri vyeti vya mahafali. Ilikuwa kazi ya kubadilisha mwaka na majina tu. Faili ninalo, nimelisanifu mwenyewe, lakini halifunguki. Nilipolijaribu kwenye programu nyingine herufi zilivurugika na nembo ya shule ikapotea. Tulikesha tukianza upya kazi ambayo shule ilishailipia.

Sina ugomvi na kampuni inayobadili namna ya kuuza bidhaa mpya. Adobe, wenye programu za usanifu kama Photoshop, ilitangaza hivyo Mei 2013. Autodesk, ambao AutoCAD yao inategemewa na wachoraji wengi wa majengo yanayoota kila kona ya mji huu, waliacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. Anayetaka maboresho ya kila mara alipie, ni haki kabisa. Lakini mimi sikuomba maboresho. Naomba kile nilichokwisha kulipia kiendelee kufanya kazi, bila kutafuta dola kwenye kadi ya benki hata mwezi ambao shule zimefungwa na dukani hakuna mteja.

Na isisemwe kwamba haiwezekani. Adobe hao hao walipozima mtambo wa kuhakiki programu zao za zamani za CS2, waliwapa wateja wa programu hizo toleo lisilohitaji kuhakikiwa. Kule California, Marekani, tangu Januari 1, 2025 sheria inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mteja waziwazi kama anachopata ni leseni tu.

Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Naiomba Tume iliangalie suala hili. Kampuni ikizima mtambo wake, itoe njia ya kuwasha programu bila intaneti kwa waliolipa, na iwaachie watoe faili zao katika mfumo unaofunguka kwingine. Tume ianzie kwa wauzaji wa mjini hapa wanaoendelea kutangaza leseni za maisha: iwatake waeleze kwa maandishi, kabla hawajapokea fedha, mteja atafanya nini siku mtambo huo ukizimwa.

Mwenye steshenari,
Makole, Dodoma