Kabla ya kuuliza nani anaishi huko

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini dalili za uhai kwenye sayari nyingine hutangazwa kwa vishindo, kisha habari hupoa. Mara nyingi watu hukimbilia kuuliza nani ameitoa gesi fulani, kabla ya kujua kama gesi yenyewe ipo.

Chukua Zuhura. Septemba 2020 ilitangazwa kwamba mawinguni mwake mna fosfini, gesi ambayo hapa Duniani huhusishwa na vijidudu, sehemu 20 hivi katika bilioni. Ushahidi wote ulikuwa mstari mmoja wa mawimbi ya redio, yaani alama ambayo gesi huacha kwenye masafa yake maalumu, kwenye gigahezi 266.94. Salfa dioksidi, ambayo Zuhura inayo tele, ina mstari wake umbali wa megahezi 1 tu kutoka hapo! Data za darubini ya ALMA ziliposahihishwa, kiasi kilishuka hadi sehemu chache, na watafiti wengine hawakuiona kabisa. Kwa hiyo ukisikia gesi mpya, uliza kwanza imeonekana kwa mistari mingapi.

Ikithibitika, tafuta nini kingine kinaweza kuitengeneza. Oksijeni peke yake ni laghai. Kwenye sayari zilizo karibu na nyota ndogo nyekundu, mionzi ya urujuanimno hupasua mvuke wa maji, hidrojeni ikatoroka na oksijeni ikabaki, bila bakteria hata mmoja. Mimi naamini zaidi oksijeni ikiandamana na methani, kwa sababu hazikai pamoja. Methani katika hewa yetu hudumu kama miaka 10 tu, hivyo ukiziona zote mbili kwa wingi, jua kuna kinachozijaza kila siku. Chombo cha Galileo kilipopita karibu na Dunia mwaka 1990 kiliziona zote.

Ile dimethili salfaidi, gesi ambayo Duniani hutoka hasa kwa planktoni, viumbe vidogo vya baharini, ilitangazwa 2025 kwenye K2-18b, sayari ya nyota nyingine. Ilifika sigma 3 tu, kipimo cha uhakika kwamba si bahati nasibu, wakati desturi ni 5. Isitoshe, imepatikana pia kwenye nyotamkia 67P, na huko hakuna planktoni.

Jiwe la Cheyava Falls la Mirihi lanivutia zaidi. Madoa yake yana fosfeti na salfaidi za chuma, ambazo vijidudu huweza kuzitengeneza. Kemia tupu nayo huweza, hasa penye joto kali, ila jiwe lile halionyeshi kuwa lilipikwa. Kipande chake kimo ndani ya mrija, nacho Perseverance, gari la NASA lililoko huko. Hadi isotopu (aina za atomi zenye uzito tofauti) za salfa na chuma zipimwe maabara, nisingelipandisha juu ya ngazi ya kwanza kati ya zile 7 za kupima uzito wa ushahidi wa uhai, zilizopendekezwa na wanasayansi wa NASA mwaka 2021.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Idi