Kopo la Mapambo Linakuja kwa Basi la Ijumaa

Umoja, Nairobi
30 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe pamoja na mkwe wangu na mjukuu wangu. Hapa nyumbani sote tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi hutabiri mvua kuliko redio. Uliponipigia simu Jumapili ukaniambia kwamba mwaka huu hamtapata nafasi ya kuja Nairobi kwa Krismasi kwa sababu ya zamu zako za kazi, sikusema mengi, nawe usidhani kwamba nilikasirika. Kilichonifanya nishike kalamu ni lile swali ulilouliza mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: ile nyota ya bati tulikuwa tukiitengenezaje, na je, ununue mapambo ya dukani au umkalishe mtoto mezani mtengeneze yenu? Ningeweza kukujibu papo hapo, lakini vipimo vya gundi na mikunjo ya bati havikai katika simu. Vinataka karatasi utakayoibandika kwenye mlango wa kabati na kuichungulia wakati mikono yako imejaa unga.

Taa nunua, maana taa hatukuwahi kuzitengeneza. Hayo mengine nakusihi mjaribu wenyewe, angalau mwaka huu ambao mtoto ana miaka sita na bado anaamini kwamba mama yake anaweza kutengeneza kitu chochote.

Anza na mti. Hapa kwetu matawi ya saiprasi huuzwa kando ya barabara Krismasi inapokaribia, na baba yako, Mungu amlaze mahali pema, hakuwahi hata mara moja kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Watu wengi hudhani kwamba mti huo ni wetu tangu enzi za mababu, kwa kuwa umepandwa kama ua kuzunguka mashamba mengi ya Limuru na Nyeri, lakini asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Uliletwa huku kwa ajili ya mbao, ukaipenda baridi ya milima yetu, ukabaki. Sisi tulilisimamisha tawi letu ndani ya debe tupu la mafuta ya kupikia ya Kasuku lililojazwa mawe na udongo, tukalimwagilia maji kila asubuhi. Usipuuze hayo maji. Tawi la saiprasi likikauka, utomvu uliomo hulifanya liwake kama lililomwagiwa mafuta ya taa, na ndiyo sababu sikumruhusu mtu yeyote aweke mshumaa karibu nalo, hata katika zile Krismasi ambazo umeme ulikatika tangu mkesha. Tulilipamba kwa vipande vya pamba vilivyowekwa juu ya majani kuwa theluji, ingawa katika nyumba nzima hakuna aliyekuwa ameiona theluji isipokuwa ile ya Mlima Kenya, nayo kwa mbali, siku zile chache ambazo anga ya asubuhi ya Nairobi huwa safi.

Ukutani tulitumia karatasi ya chooni, na naomba usicheke, kwa kuwa majirani wote walifanya hivyo hivyo. Iliuzwa ya rangi ya waridi, ya manjano, ya samawati na ya kijani kibichi; ulichukua rangi mbili, ukazisokota pamoja polepole, ukazivuta kutoka pembe moja ya dari hadi nyingine, na pale zilipokutana katikati ukafunga baluni nne. Kadi zilizokuja kwa posta zilitundikwa juu ya uzi kama nguo zilizoanikwa, na mgeni akiingia alizihesabu kabla hajaketi. Siku hizi kadi hazitumwi tena, kwa hiyo uzi wenu utabaki mtupu msipochora za kwenu.

Kisha kuna minyororo ya karatasi, ambayo ndiyo kazi bora kwa mtoto wa umri huo. Kata vipande vyenye upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 18 kutoka kwenye magazeti ya zamani au kalenda iliyokwisha. Gundisha cha kwanza kiwe pete, pitisha cha pili ndani yake, na uendelee hivyo hadi mtoto achoke. Gundi yetu ilikuwa ya unga wa ngano. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga katika maji baridi nusu kikombe mpaka mabonge yote yaishe, mimina mchanganyiko huo ndani ya kikombe kimoja cha maji yanayochemka, endelea kukoroga juu ya moto mdogo hadi uwe mzito na uanze kung'aa, kisha uache upoe. Ukimimina unga mkavu moja kwa moja katika maji ya moto utapata mabonge yasiyofaa hata kwa kuku. Gundi hiyo ina kasoro moja: mende huipenda sana. Mwaka mmoja tuliamka tarehe 24 tukakuta mnyororo mzima umelala sakafuni, pete moja moja, viungio vyote vimeliwa usiku. Kaka yako alilia. Tangu mwaka ule nilikuwa nikiitundika minyororo siku ya mwisho kabisa, na hadi siku hiyo ifike niliifungia ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Sasa nyota. Unakumbuka kwamba baba yako alikuwa fundi wa masanduku ya bati kule Kamukunji, na kwamba Desemba kwa mafundi wale si mwezi wa mapumziko hata kidogo, kwa sababu wazazi wote wanaopeleka watoto shule za bweni mwezi wa Januari hutaka sanduku kwa wakati mmoja. Alirudi nyumbani usiku, masikio yakiwa bado yanavuma kwa kelele za nyundo, na mfukoni amebeba mabaki ya bati yaliyosalia pembeni mwa kazi. Hakuwa na bikari. Alifunga uzi kwenye msumari, akaukaza, akachora duara. Halafu, bila kuubadilisha urefu wa uzi, akautembeza juu ya ukingo wa duara hilo hilo, akaweka alama kila ulipogusa, na alama zikawa sita, si tano wala saba. Ulimwuliza kwa nini huwa sita daima. Alikujibu kwamba duara lolote duniani, liwe la sahani au la gurudumu la lori, hupimwa na nusu ya upana wake mara sita namna hiyo, na wewe ukazunguka nyumbani kwa wiki nzima ukipima vikombe na vifuniko vya sufuria. Ukiunganisha alama ya kwanza, ya tatu na ya tano kwa mstari, kisha ya pili, ya nne na ya sita, unapata pembetatu mbili zilizolaliana, na hiyo ndiyo nyota. Yeye aliikata kwa mkasi wa bati, akakunja kingo zote kwa koleo ili zisimkate mtu, akaigeuza juu ya ubao na kuitoboa kwa msumari matundu madogo madogo ili taa ikiwa nyuma yake ipenyeze mwanga. Ya kwenu itengenezeni kwa katoni. Bati si kitu cha kumpa mtoto wa miaka sita, na mkwe wangu, pamoja na wema wake wote, si mtu wa nyundo. Juu ya katoni bandikeni karatasi ya fedha ya jikoni; sisi tulitumia ile ya ndani ya pakiti za sigara, ambayo wewe na wenzako mliiokota nje ya kioski, nami nikainyoosha kwa mgongo wa kijiko.

Ndani ya kopo la mapambo ninalokutumia utakuta pia pakiti tano za maziwa zenye umbo la piramidi. Hizo ni za Maziwa ya Nyayo, yale maziwa ya shule yaliyoanzishwa mwaka 1979 wakati wa Rais Moi, na kaka yako alizileta nyumbani zikiwa tupu, nikaziosha mara tatu na kuzivisha mabaki ya vitenge kutoka chini ya cherehani yangu. Zitundike kwa pembe zake zenye ncha. Vifuniko vya soda vilivyobondwa na kutobolewa pia vimo, kama thelathini hivi. Mkivifunga karibu na dirisha vitalia kila upepo ukipita.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonikalisha kuandika, nami nimelizunguka vya kutosha. Utakumbuka hori letu la Krismasi, lile zizi dogo la kuzaliwa kwa Yesu. Padri alikuwa ametusimulia kwamba Mtakatifu Fransisko wa Assisi ndiye aliyeandaa hori lililosifika kijijini Greccio mwaka 1223, akamleta ng'ombe na punda walio hai, nawe uliposikia hivyo ukasema kwamba basi ng'ombe wetu ni lazima utengeneze wewe. Tulikuwa tumeleta maganda makavu ya migomba, tukayaloweka hadi yakalegea, tukayazungusha juu ya waya mwembamba, tukayabana kwa uzi wa mkonge. Mimi nilitengeneza wachungaji na kuwavika vipande vya shuka nyekundu ya Kimaasai. Wewe, ukiwa na miaka saba, ulikaa na ng'ombe wako siku mbili. Alikuwa mkubwa kuliko zizi, na chini ya tumbo lake palikuwa na kitu ambacho mimi, nikimtazama usiku baada ya nyinyi kulala, nilikiona kuwa mguu wa tano. Nilichukua mkasi nikakikata. Halafu, kwa kuwa mkasi ulikuwa tayari mkononi, nikanyoosha pembe, nikapunguza tumbo, na nikamgeuza aangalie mtoto badala ya kuangalia mlango.

Asubuhi ulimtazama kwa muda mrefu. Uliniuliza kiwele chake kiko wapi, kwa maana mtoto mchanga yule angehitaji maziwa. Sikuwa na jibu, nikakuambia kwamba nadhani kilianguka. Hukulia, na laiti ungelia. Mwaka uliofuata nilipotandaza magazeti mezani na kukuita, ulisema kwa adabu kamili, ukiwa umesimama mlangoni: "Tengeneza wewe, Mama, wewe ndiye unayejua." Nami nikatengeneza, mwaka ule na miaka iliyofuata, na watu wote waliotutembelea wakalisifu hori letu kuwa zuri kuliko yote ya mtaa. Nilizipokea sifa hizo. Hukugusa tena ganda la mgomba hadi ulipoondoka nyumbani kwenda chuoni.

Kwa hiyo sasa nakuambia: mimi ndimi niliyekikata, hakikuanguka. Nisamehe, mwanangu. Niliona haya kwamba padri angekuja akaona ng'ombe mwenye miguu mitano, na haya hiyo niliiweka mbele ya kazi ya mikono yako.

Mjukuu wangu akianza, keti naye utengeneze chako, wala usishike chake. Akikuomba msaada, shika waya na umwache yeye azungushe. Akimaliza na kitu hakisimami, kiegemezeni kwenye kikombe. Mwanzoni itakuuma kuona gundi kwenye kitambaa cha meza, kwa hiyo ondoa kitambaa mapema.

Huko Kisumu mna vitu ambavyo sisi hatukuwa navyo. Gugu maji linalowasumbua wavuvi ziwani, mabua yake yakikaushwa juani kwa siku kadhaa husukwa kama nywele, na mafundi wa huko huyatumia kutengeneza vikapu. Muulize mmoja wao akuuzie mafungu mawili, mkasuke duara la kutundika mlangoni. Maganda ya migomba hamtayakosa sokoni. Mkitaka mapambo ya unga wa chumvi, changanyeni vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini na kikombe kimoja cha maji, mkande kama unga wa chapati, mkate maumbo kwa mdomo wa glasi, na msisahau kutoboa tundu la uzi kabla hayajakauka. Hapa Nairobi niliyaanika juu ya sinia darini kwa siku nne au tano. Kwa hewa ya ziwa, huenda yakachukua siku zaidi, kwa sababu chumvi huvuta unyevu. Yakishakauka kabisa yapakeni vanishi, la sivyo yatalegea na kudondoka kutoka kwenye uzi. Na mwonye mtoto asiyaonje, ingawa najua ataonja moja.

Kopo nitalikabidhi kwa ofisi ya basi Ijumaa asubuhi, na litafika kwenu jioni; nenda na kitambulisho chako. Nyota ya baba yako nimeizungushia gazeti, na kingo zake bado ni salama, nimezipitisha kidole katika pembe zote sita. Wachungaji wako chini. Ng'ombe nimemtia ndani ya soksi ili pembe zisivunjike, na pamoja naye nimeweka ganda kavu la mgomba na kipande cha waya, endapo mtu huko atapenda kumrudishia alichonyang'anywa.

Nisalimie wote.

Mimi mama yako.