Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wenzangu wa chama chetu cha bustani, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu waanzilishi na wageni waalikwa, nawasalimu.

Kabla sijaendelea, naomba tusimame dakika moja tumkumbuke mwenzetu aliyetutoka mwezi Mei. Ndiye aliyetupa miche ya kwanza ya bogenvilia chama kilipoanza, na mingi ya miche ile bado inachanua mbele ya nyumba zetu. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi.

Shughuli za mwaka

Haya mengi mnayafahamu, nitayapitia haraka. Tulishiriki Siku ya Mazingira Duniani tarehe 5 Juni, na Nane Nane pale Nzuguni, ambako banda letu la vyungu na makasha ya maua halikukosa watu hata siku moja. Tulikwenda Makutupora kujifunza kupogoa mizabibu. Tulifundisha bustani za viroba katika shule mbili za msingi. Kitalu kiliuza miche ya shilingi 1,215,000. Wanachama wapya 7 walijiunga, sasa tuko 84. Katibu anayo orodha kamili pamoja na picha, atakayezihitaji amwone.

Suala la ukuta wa mimea

Sasa nije kwenye jambo ambalo limejadiliwa usiku na mchana kwenye kundi letu la WhatsApp, lakini mkutanoni, mahali pake, halikupata wa kulijadili. Nimesoma yote yaliyoandikwa. Imesemwa kwamba nimeua wazo la chama, kwamba fedha zimetumika bila idhini, na kwamba mimi mwenyewe nilikwenda na nyundo kung'oa kilichopandwa na wote. Hilo la nyundo ni kweli, nilikuwepo. Hayo mengine nayajibu leo, na naomba yaingie kwenye muhtasari.

Ukuta ule, yaani fremu yenye mifuko ya udongo iliyopandwa mimea, tuliujenga kwenye nyumba ya ofisi yetu Machi 2024, mvua zikiwa bado zinanyesha. Ulikuwa na urefu wa mita 6 na kimo cha mita 3, yaani mita za mraba 18, na mifuko ya kitambaa 216. Mpaka mwezi Mei ulikuwa unapendeza kweli. Watu waliopita kwenda sokoni walisimama kupiga picha. Nawakumbusha kwamba mimi ndiye niliyesimama mbele yenu kuwaomba tuujenge, na siku tatu za kujaza udongo kwenye mifuko nilikuwepo tangu asubuhi mpaka jioni. Aliyeupenda ukuta ule kuniliko ajitokeze.

Lakini mvua zetu tunazijua. Zinaanza Desemba, Aprili zinakwisha, na mwaka mzima hapa Dodoma wastani wake ni milimita 550 hadi 600 hivi. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi miezi saba. Kila mfuko ulibeba lita 2 tu za udongo, na ukuta wenyewe unatazama magharibi. Ukiumwagilia asubuhi, saa nane mchana ukitia kidole kwenye mfuko wa juu, udongo ulikuwa umekauka kama unga. Julai tulipima: lita 120 kwa siku, yaani madumu 6, sawa na lita 840 kwa wiki, kwa ajili ya ukuta mmoja. Bomba likikosa maji siku mbili mfululizo, safu ya juu yote ilikuwa imekwenda. Tulinunua maji ya boza kwa shilingi 420,000, na hapo sijahesabu shilingi 180,000 nilizotoa mfukoni mwangu mwezi Agosti, ambazo sikuzidai na sizidai.

Halafu ikaja chumvi. Maji yetu ya kisima yana chumvi, kila anayechemsha chai mjini hapa ameiona ndani ya birika. Mpira wa matone ulikuwa na vitundu vidogo kuliko punje ya ulezi, na baada ya wiki chache kila kitundu kilikuwa kimevaa ganda jeupe. Mimi na kijana wa kitalu tulikuwa tunapita jioni na sindano ya kushonea, tundu moja baada ya jingine, yote 216. Unazibua mstari wa tatu, unakuta wa kwanza umeanza kuziba. Kitambaa nacho kilipiga weupe kwa chini, na mimea ya chini ikaungua ncha za majani ilhali maji ilikuwa inayapata.

La mwisho ndilo lililotuleta hapa. Fremu ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba moja kwa moja. Ilitakiwa ikae mbali kidogo, sentimita 5 zingetosha, ili hewa ipite na unyevu utoke. Fundi aliambiwa, hakufanya, na sisi hatukukagua kwa wakati. Plasta ikavimba, rangi ikababuka mpaka ndani ya chumba cha Katibu. Tarehe 10 Agosti mwenye nyumba akatuandikia barua: ndani ya siku 30 tuondoe ukuta na kurekebisha, la sivyo tutafute ofisi kwingine. Barua hiyo ipo mezani, mtu yeyote aisome.

Niliitisha mkutano wa dharura tarehe 17 Agosti. Kwa mujibu wa katiba yetu akidi ni nusu ya wanachama, yaani watu 42. Walifika 19. Nikaitisha tena tarehe 31 Agosti, nikapiga simu mwenyewe kwa wanachama zaidi ya 50. Walifika 23, na baadhi wakaondoka kabla ya ajenda ya kwanza. Siku 30 zilikuwa zinakwisha tarehe 9 Septemba. Ndipo Kamati Tendaji ikakaa tarehe 4 Septemba chini ya ibara ya 14, inayoiruhusu kutumia hadi shilingi 2,500,000 kwa jambo la dharura, na tarehe 7 ukuta ukashushwa. Wapo wanaosema haikuwa dharura. Nawauliza kwa heshima, kufukuzwa kwenye ofisi pamoja na kitalu chote tukuiteje?

Ndugu zangu wengine walituma picha za Bosco Verticale, maghorofa yenye miti kwenye vibaraza vyake kule Milan, Italia, wakauliza mbona wenzetu wanaweza. Nimezisoma habari zake. Minara ile miwili, mmoja wa zaidi ya mita 100 na mwingine wa zaidi ya mita 70, ilipangwa kubeba miti tangu kwenye mchoro wa mhandisi, na ina watunzaji wanaoning'inia kwa kamba kupogoa. Huyo Mfaransa Patrick Blanc, anayejulikana zaidi kwa kuta za mimea inayoota kwenye kitambaa, alijifunza kwa mimea ya misitu ya mvua inayoota juu ya miamba bila udongo, kwa sababu kule maji yanachuruzika juu ya jiwe muda wote. Wazo lake ni zuri na limefanya kazi mahali pengi. Sisi tulilichukua tukalibandika hapa Dodoma kwenye ukuta unaotazama magharibi, tukaliacha kwenye jua la Julai, bila yale maji ambayo wazo lenyewe limezaliwa nayo. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa letu sote tuliopiga kura, mimi wa kwanza.

Baada ya kushusha ukuta hatukuacha patupu. Tulichimba mashimo matano tukapanda mizabibu, tukasimamisha nguzo za chuma na kufunga nyaya, sentimita 40 kutoka ukutani. Mzabibu unatia mizizi ardhini, unajitafutia maji chini, na majani yake yanaukinga ukuta na jua la jioni. Hatukuufuata mbali, huu ni mkoa wa zabibu. Tukaweka gata na tangi la lita 5,000. Paa letu lina mita za mraba 140, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua ni lita 140. Mvua moja ya milimita 20, hata ukitoa inayopotea, inatupa zaidi ya lita 2,000 za maji yasiyo na chumvi. Kisha tukakata mapipa 10 ya chuma katikati, tukapata makasha 20. Yametobolewa chini, yakatiwa kokoto, kitambaa cha kuchujia, udongo wenye samadi, na matandazo ya nyasi juu. Ndani yake kuna shubiri na mimea mingine minene inayovumilia ukame. Mizabibu na makasha kwa pamoja vinatumia lita 320 kwa wiki pale ambapo ukuta ulikunywa 840.

Gharama ni hizi: tangi 1,150,000, gata 380,000, nguzo, nyaya na uchomeleaji 430,000, mapipa 250,000, udongo, samadi na vibarua 100,000. Jumla 2,310,000. Risiti zote ziko kwa Mweka Hazina na nimezipitia moja moja. Kati ya ile mifuko 216, zaidi ya nusu bado ni mizima na ipo stoo. Hakuna kilichotupwa wala kugawanywa kama ilivyodaiwa.

Leo mkitoka nje mtaona mizabibu mitatu imeshafika waya wa pili. Nawaomba mkaitazame kwa macho yenu kabla ya kuniuliza.

Maombi ya bustani za juu ya paa

Hili nalo lilileta manung'uniko, maana Kamati ilikataa kutoa mafundi wetu kwa wanachama wawili waliotaka bustani juu ya paa. Narudia sababu. Nyumba zetu nyingi ni za bati la msauzi na mbao, hizo hazihusiki kabisa. Kwenye slabu ya zege inawezekana, lakini udongo wa kawaida wa kina cha sentimita 10 tu ukilowa una uzito wa kilo 160 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, na hapo bado hamjapanda juu watu wala vyungu. Chini yake panahitajika tabaka la kuzuia maji, la kuzuia mizizi, la kupitisha maji na la kuchuja. Mwombaji mmoja slabu yake tayari ilikuwa inavuja. Mwingine hakuwa na mchoro wala hakumkumbuka fundi aliyefunga nondo. Niliwaambia wote wawili walete barua ya mhandisi. Hawajaleta, na mimi sitaweka jina la chama juu ya kichwa cha familia ya mtu.

Wazee wetu Wagogo walikaa chini ya paa la udongo vizazi na vizazi, nami nimelelewa humo. Tembe ya bibi yangu ilikuwa na nguzo nene zilizokaribiana, mtoto akinyoosha mikono anagusa mbili kwa pamoja, juu yake magogo, kisha fito zimebanana, ndipo udongo. Mvua zikikolea nyasi zilijiotea pale juu. Mchana wa Oktoba ukiingia ndani ulihisi umeingia chini ya mwembe. Lakini bibi hakuruhusu mtoto yeyote apande juu udongo ukiwa umelowa, na kila kabla ya masika aliita vijana wakague nguzo. Walikuwa wanajua wanabeba nini kichwani. Ndicho tu ninachokitaka kwa mwanachama anayeomba bustani ya paa.

Fedha, ada na mahudhurio

Tulianza mwaka na shilingi 1,870,000. Mapato ni ada 2,395,000, viingilio 140,000 na miche 1,215,000. Matumizi ni ukarabati niliokwisha ueleza 2,310,000, kitalu 1,180,000, usafiri, mikutano na shajala 465,000, na maji 420,000. Salio ni 1,245,000.

Ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi. Kwa watu 84 tulitegemea 5,040,000. Waliolipa zote ni 29. Waliolipa nusunusu ni 23, jumla yao 655,000. Waliobaki 32 hawajatoa hata senti, na nasikitika kusema kwamba wengi wa walioandika maneno makali kuhusu matumizi ya fedha wamo humo. Sitataja jina la mtu. Lakini deni la ada ni 2,645,000, kubwa kuliko gharama yote ya kazi inayolalamikiwa. Tangi la pili lingekuwa limeshasimama.

Mahudhurio yananiumiza zaidi kuliko ada. Mikutano sita tuliyoitisha mwaka huu, ni miwili tu iliyotimiza akidi, na mmojawapo ni ule wa kugawa miche ya bure. Kumwagilia kwa zamu kulikufa mwezi Juni; kwenye daftari la zamu kuanzia tarehe 20 Juni mpaka ukuta unashushwa kuna sahihi za watu wanne tu, moja yao ni yangu. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anatoka Nzuguni kwa daladala kila Alhamisi kuja kushika mpira wa maji. Nimemwomba asimame leo tumpigie makofi.

Mwaka ujao

Tunatarajia, fedha zikiruhusu, kuongeza tangi la pili, maana la sasa likijaa linatufikisha wiki 15 tu na kiangazi chetu ni kirefu kuliko hapo. Tunafikiria kuzungumza na jiji kuhusu makasha ya maua kwenye vituo vya daladala. Ile mifuko iliyobaki ningependa tuijaribu tena kwenye kibaraza chenye kivuli, mahali padogo, kwa maji ya mvua na fremu iliyoachana na ukuta, endapo watapatikana watu wa zamu. Mwanachama aliye tayari aandike jina kwa Katibu leo kabla ya kuondoka.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Dodoma, Februari 2025