Barua kwa Mwanaidi

Kaole, Bagamoyo

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu zako kutoka Tanga zimenifika, na lile swali la mjomba wako pia: mtoto wa Kaole kaenda kutafuta nini chini ya barafu ya Antaktika? Mwambie kazi ni ileile ya manahodha wa zamani waliotia bildi, ile kamba yenye kipande cha risasi cha kupimia kina, ila sisi badala ya risasi tunatumia sauti. Meli inatoa mlio, mlio unagonga sakafu ya bahari, nasi tunausubiri mwangwi. Majini sauti hukata kama mita 1,500 kwa sekunde, basi ukijua muda umejua kina. Mlio mzito hupenya hata tope, ukaonyesha mashapo, yaani matabaka ya tope na mchanga, yalivyopangana chini.

Kule nimeona mambo! Sakafu ya pembezoni mwa Antaktika iko karibu mita 500 chini, na barafu imeikwangua na kuilemea hata sehemu nyingi, kadiri unavyokaribia nchi kavu, kina kinazidi. Huku kwetu maji yakipwa unatembea mpaka uchoke. Kuna mistari mirefu iliyoachwa na barafu ilipopita, na mitaro iliyochimbwa na milima ya barafu inayoelea, ikiburura matumbo. Kwa michoro hiyo tunajua barafu ilivyorudi nyuma.

Sasa sikia inapotuhusu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi yalipokuwa yamegandia katika barafu ya nchi kavu, hasa kaskazini mwa dunia, bahari ilikuwa chini kwa mita kama 120. Unguja haikuwa kisiwa. Ungetoka hapa ukaenda kwa miguu. Na mto Ruvu, ambao leo unamwaga tope kaskazini kidogo ya mji, lazima ulipita mahali katika nchi ile iliyozama. Mkondo huo ndio ninaoutaka. Barafu ina wengi wa kuitazama, tope letu lina wachache mno, na hali kisiwa cha Maziwe, hapo kwenu Pangani, kimepoteza mivinje yake yote kikabaki fungu la mchanga.

Mwanao akitaka njia hii akaze hesabu na fizikia, wala asidanganywe na picha za pengwini: siku nyingi tunashinda mezani tukisafisha data. Na bahari hunichafua roho mpaka leo. Akimaliza kidato cha sita nitampeleka Unguja, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaone mwenyewe.

Mjomba umpe shikamoo yangu.

Wako,
Zuhura