Minazi haina desimali

Leipzig, Jumapili usiku

Kaka,

Shikamoo. Mama mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukifika katikati utakuwa umenuna na salamu zitapotea. Watoto wote wasalimie. Mimi mzima. Baridi ipo lakini zamu za usiku zimeisha, alhamdulillah.

Ujumbe wako wenye picha ya karatasi uliyoipeleka baraza la kata nimeupata, na ule wa pili, "naomba milioni mbili haraka", nao nimeupata. Siku tisa sikujibu. Si dharau. Mara tatu nilianza nikafuta, kwa sababu kila nikiitazama ile karatasi jicho linakimbilia namba, na namba ndizo zinazonilisha huku.

Umeandika shamba la marehemu Baba ni ekari 5.8374. Fungu la dada yetu Mwanaidi, mafungu saba kati ya arobaini, ekari 1.021545. Anazolima, ekari 1.05. Kwa hiyo kazidisha ekari 0.028455, "sawa na mita za mraba 115.15", na kwa hiyo mstari wa minazi wa mpakani urudi kwako. Nilichukua kalamu nikazipiga upya hesabu zako zote. Hukukosea hata moja. Tangu shule wewe ndiye uliyekuwa ukinifanyia mimi. Lakini niambie, ile 374 ya mwisho kwenye 5.8374, nani kaipima?

Umezunguka mpaka na simu mkononi. Mahali peupe, simu hubahatisha mahali ulipo kwa mita tano hivi, na chini ya minazi na ule mwembe wa Bi Mkubwa huenda ikazidi hapo. Lakini tuipe heshima simu yako, tuseme imekosea mita moja tu. Mzunguko wa shamba ni kama mita 640. Mita moja ya upana kuzunguka kote ni mita za mraba 640, na wewe unamshitaki dada yako kwa 115. Kosa la simu peke yake linameza ugomvi wenu mara tano na chenji inabaki.

Programu ya simu haioni haya. Ukiiomba tarakimu nne baada ya nukta itakupa, ukiiomba nane itakupa. Ilichopima kwa kweli ni 5.8, na hiyo nane yenyewe mimi nisingeiapia. Huku tunaziita tarakimu za maana: zile ambazo kipimo kimezifikia, pamoja na moja ya mwisho unayoikadiria kwa jicho. Zinazofuata ni pambo.

Na kutoa ndiko kulikokuponza zaidi. Ukizidisha, jibu haliwezi kuwa na tarakimu za maana nyingi kuliko ile namba yako dhaifu kuliko zote. Ukitoa namba mbili zilizokaribiana, zile tarakimu zao nzuri za mbele zinafutana, kinachobaki mkononi ni masalia ya makosa. Fungu la Mwanaidi kwa simu yako ni ekari 1.0. Kwa zile ekari sita alizozipima Baba kwa hatua ni 1.05, na sita ina tarakimu moja tu, kwa hiyo ni moja hivi. Moja hivi toa moja hivi. Hapo ndipo ulipoipata 0.028455, kaka, na sifuri zake za mbele hata hazihesabiwi, zipo kuonyesha nukta imekaa wapi.

Usiseme naringia kusoma. Ngoja nikuambie nilivyofundishwa, maana hili sikuwahi kulisema nyumbani.

Mwaka wa pili wa mafunzo ya maabara walinipa sampuli ya maji ya bomba nipime kemikali iitwayo nitriti. Kifaa kikatoa 0.54. Nilikuwa nawahi tramu, nikaandika 0.5 kwenye fomu, nikaona nimefanya usafi. Sheria ya maji ya kunywa ya Ulaya inaweka kikomo cha nitriti kuwa miligramu 0.50 kwa lita. Imeandikwa 0.50, na ile sifuri ya mwisho haikuwekwa kwa urembo: inasema tumetazama mpaka sehemu ya mia na hapo hapana kitu. Anayesoma 0.5 yangu anaweza kuelewa chochote kuanzia 0.45 mpaka 0.55. Msimamizi wangu, mama mmoja wa maneno machache, akaniita mbele ya wenzangu, akaweka ukucha juu ya fomu, akauliza, "Nne iko wapi?" Maji yamevuka kikomo, mimi nimeyapitisha kwa kula tarakimu moja. Siku ile sikula chakula.

Basi nikajifunza pande zote mbili. Kuongeza tarakimu usiyoipima ni uongo, na kuificha uliyoipima ni uongo pia. Wewe umefanya la kwanza, mimi nilifanya la pili.

Leo hii, kaka, karatasi zinazotoka pale zina sahihi yangu chini. Cheti nilikutumieni picha, miaka mitatu na nusu ile, na mtihani wote kwa Kijerumani. Wenzangu wawili tulioanza pamoja hawakumaliza, mmoja wao mzaliwa wa hapa hapa. Ungeiona mizani ninayotumia! Imewekwa ndani ya kisanduku cha vioo, juu ya meza ya jiwe, inasoma gramu mpaka tarakimu nne baada ya nukta. Ukihema karibu inacheza. Chombo hukishiki kwa vidole, unatumia koleo, kwa sababu jasho la kidole lina uzito na mizani inauona. Ikiniandikia gramu 0.2500, hizo sifuri mbili za nyuma ni za haki, imefika huko ikakuta sifuri. Pale dukani kwa Mpemba robo kilo ya sukari nayo ni gramu 250, lakini sifuri yake imejazia nafasi tu, sisimizi akitembea juu ya sahani hakuna atakayejua. (Na huku koma ndiyo nukta yao na nukta ndiyo koma. Mwezi wa kwanza niliona bei ya 1.500 kwenye gari bovu nikadhani ni euro moja na nusu. Nimecheka peke yangu mwaka mzima.)

Sasa zile mita za mraba. Kwenye karatasi umeandika shamba zima ni mita 23,623.12. Umechukua 5.8374 ukaizidisha kwa 4,046.8564, mita za mraba za ekari moja, ikatoka namba ya kutisha wazee wa baraza. Kubadili kipimo hakuongezi ujuzi. Mji huu aliishi daktari mmoja, Wunderlich, aliyepima joto la wagonjwa kwa maelfu, na kitabu chake cha mwaka 1868 ndicho kilichosambaza kwamba joto la mtu mzima wa afya ni kama 37. Tarakimu mbili. Wanaotumia Farenhaiti wakaibadili ikawa 98.6, tarakimu tatu, na tangu hapo mtu akisoma 99 anashika paji la uso. Homa yenyewe imetoka kwenye kalkuleta. Yako ni hiyo hiyo. Ekari 5.8 ni mita za mraba elfu ishirini na tatu, nne hivi, basi.

Hata Kilimanjaro, ile 5,895 tuliyochapiwa fimbo tuikariri. Mwaka 1999 watu walipanda na vipokezi vya setilaiti vya kupimia ardhi, siyo simu, wakapata 5,892 na ushee. Mwaka 2008 wengine wakapata kama 5,891. Hao ni wataalamu na mlima mzima.

Kuna namba kwenye ugomvi huu zisizo na shaka, nazo zote hukuzigusa. Thumni ya Mama. Sisi wawili na Mwanaidi mmoja, mbili, mbili, moja. Sheikh alivyotugawia mafungu arobaini, Mama matano, wewe kumi na manne, mimi kumi na manne, Mwanaidi saba, pale hapana kubahatisha wala hatua iliyopotea. Kilichohesabiwa kimoja kimoja au kilichowekwa kwa hukumu kina tarakimu zisizokwisha, arobaini yake ni arobaini mpaka kiyama. Shaka yote imekaa kwenye zile ekari sita.

Na hapo ndipo ninapotaka uniwie radhi.

Unakumbuka Baba alipolinunua lile shamba kwa mzee wa Mwera? Wewe ulikuwa shule Tanga. Alinichukua mimi, nilikuwa darasa la pili. Alitembea mbele na panga, mimi nyuma nahesabu hatua zake kwa sauti, kwa ile kanuni ya wazee, sabini kwa sabini ekari moja. Urefu sabini tatu, upana sabini mbili. Kila ikifika sabini anachoma mti ardhini, tunaanza moja. Upande wa juu tulikwenda vizuri. Upande wa bondeni, ile sabini ya mwisho, niliona kenge anaingia kwenye kichuguu. Nikamtazama. Baba anaendelea kutembea, mimi nimenyamaza, nikashituka amegeuka ananiangalia, "Ngapi?" Nikasema, "Sabini." Hakuuliza tena. Akachoma mti, na pale ndipo alipokuja kupanda mnazi wa kona.

Haikuwa sabini, kaka. Inaweza kuwa ilikuwa sitini na nne, inaweza kuwa sabini na sita. Sikujua siku ile, na sasa Baba hayupo nimuulize. Sifuri ya sabini ile haikupimwa na mtu, iliwekwa na mtoto aliyeogopa kofi. Wazee walipogawa mafungu baada ya arobaini walitembea juu ya miti ile ile, na ndiyo maana simu yako na hatua za Baba hazipatani. Upana wa mita za mraba 115 zako ni hatua moja tu kutoka mwanzo wa mpaka mpaka mwisho. Mimi peke yangu ninaweza kuwa nimepoteza sita. Mazishini sikuja, arobaini sikuja, na bado mnagombana juu ya hesabu yangu.

Kuhusu fedha. Milioni mbili ina tarakimu saba na ya maana ni moja. Ungeniambia milioni moja laki tisa na arobaini ningejua umekaa na mtu mkaandikiana. Na usije sasa ukaniletea 1,943,275 ili kunifurahisha, nitaijua. Za kesi sitoi hata senti. Za mpimaji mwenye leseni, aje na vifaa vyake aweke bikoni, nitatoa nusu, kwa sharti wewe na Mwanaidi mwende kwake pamoja na mniletee karatasi yenye sahihi zenu wote wawili. Nusu nyingine itoke kwenye nazi za fungu langu, ambazo huu mwaka wa nne sijauliza zinakwenda wapi. Leo nimeuliza.

Laki tatu za Mama nimeshatuma kwa simu ya Mwanaidi, kwa sababu yako kila nikituma unasema mtandao unasumbua. Za dawa ya presha hizo, zisiguswe. Mwambie akipimwa wamwandikie kwenye daftari namba kama ilivyotoka kwenye mashine, wasiseme "mia na hamsini hivi". Hapo nazitaka tarakimu zote.

Nimeota juzi tuko kivukoni tunavuka Bweni, na wewe umebeba lile kapu la mbata, mvuke wa mto unapanda. Niliamka nikanusa mto wangu wa kulalia. Sabuni ya Kijerumani. Huku nazi moja dukani inauzwa kwa bei ambayo nikikuambia utanituma nikaulize kama ina dhahabu ndani, na ukiitikisa maji hakuna.

Nina ombi dogo la mwisho. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda baraza kuiondoa ile karatasi, pita mpakani, mguse kila mnazi wa mstari ule kwa mkono na uhesabu kwa sauti. Mimi nakumbuka kumi na minne, lakini ule wa tatu kutoka kona ulipigwa na radi mwaka niliosafiri na sijui kama ulipona. Mchukue Mwanaidi ahesabu kutoka upande wa pili. Mkikutana katikati, mnipigie.

Mdogo wako