Jiko la jukwaani lifanye kazi kama la nyumbani

Ndugu Mhariri,

Tamthilia za Ireland zenye ucheshi mchungu zinapopelekwa ng'ambo, lawama huangukia lafudhi ya waigizaji. Sisi tunaoandaa jukwaa tunaona kinachoziangusha zaidi ni vifaa. Katika The Beauty Queen of Leenane ya Martin McDonagh, iliyoanzia Galway mwaka 1996 chini ya Garry Hynes wa kundi la Druid na kunyakua tuzo nne za Tony, zile za tamthilia za Broadway Marekani, mwaka 1998, mama na binti wanatesana jikoni katika kijiji cha eneo la Connemara, magharibi mwa Ireland. Silaha zao ni kinywaji cha unga chenye madonge, mafuta ya moto na chuma cha kuchochea jiko. Vitu hivyo vikionekana vya bandia, watu hawacheki, wala hawaogopi.

Tuanze na birika la umeme. La Ireland la wati 3,000 hutumia volti 230. Likichomekwa Marekani kwenye volti 120, nguvu hushuka hadi kama wati 800, na nusu lita iliyochemka kwa dakika moja sasa inachukua karibu nne. Mazungumzo yanakwisha, maji bado. Lijazwe maji yaliyokwisha kupata moto nyuma ya jukwaa, kikombe kimoja tu, muda mfupi kabla ya sehemu ya mchezo inayolihitaji.

Mafuta yanayomwagwa mkononi mwa mama yasiwe mafuta kamwe. Tumia chai baridi ya rangi kwenye kikaango, na mvuke utoke kwenye kifaa kidogo kilichofichwa nyuma ya jiko. Spika ya mlio wa kukaanga iwekwe ndani ya jiko lenyewe: mlio ukitoka kwenye spika za ukumbi, mtazamaji anausikia juu ya kichwa chake na papo hapo anajua anadanganywa. Sakafu ikaushwe kabla taa hazijarudi, maana wengi huteleza hapo.

Kile chuma cha kuchochea ndicho kinachosahaulika. Kijana mgeni anakishika na kukisifu, watu wanacheka, baadaye kinaua. Kwa hiyo kikae mahali ambapo hata aliyeketi safu ya mwisho pembeni anakiona tangu pazia lifunguliwe.

Palipo na maandishi ya tafsiri juu ya jukwaa, sentensi ya mzaha igawanywe mara mbili, la sivyo ukumbi unacheka kabla mwigizaji hajafika mwisho. Maandishi hayo yabadilishwe na mtu anayebonyeza, si mtambo wa saa, kwa kuwa kicheko cha leo si cha jana. Mwigizaji naye aanze sentensi inayofuata kicheko kikianza kushuka, asingoje kiishe.

Na waongozaji wanaopunguza ukatili ili wasiwaudhi wageni tunawasihi waache. Mtazamaji asiposhtuka kwamba alikuwa akicheka, hajaiona tamthilia hiyo.

Wenu,
Mafundi wa jukwaa